Roboti, vihisi na mashine bandani: maswali ya wafugaji wa farasi na punda Mtwara na Lindi

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila mara: ya wafugaji wa Masasi, Nachingwea na Kilwa, ya vijana mafundi wa umeme na simu, na ya watu wa pwani wanaotamani kuleta farasi kwa ajili ya watalii na harusi. Maswali mepesi yako mwanzo, yenye utata yako mwisho. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya kuanzia

1. Mkisema roboti kwenye ufugaji wa farasi, mnamaanisha nini hasa?

Wengi wanafikiria mkono wa chuma unaompiga farasi brashi. Mashine zilizoenea mabandani ni za kawaida zaidi: sanduku la chakula linalojifungua kwa saa iliyopangwa, kihisi kinachofungwa kwenye hatamu na kupiga simu mnyama anapolala vibaya, kamera yenye akili unde (AI) inayosoma mwendo, mashine ya kuwazungusha farasi matembezi, na kompyuta ya maabara inayohesabu mbegu za dume zilizo hai.

Mikono ya roboti ipo pia, ila ni ya hospitali kubwa. New Bolton Center, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, ilifunga mikono inayomzunguka farasi akiwa amesimama na kumpiga picha za mifupa. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Farasi akilazwa kwa dawa ya usingizi, hatari kubwa ni wakati wa kuamka: huinuka kwa kuyumba, na anaweza kuvunjika mguu palepale.

2. Huku kusini farasi wako wapi hata tujisumbue?

Ni wachache sana, na sababu ni magonjwa. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa India, punda na baghala (mzao wa punda dume na farasi jike). Alitaka kuona ni mnyama gani angestahimili mbung'o kuelekea bonde la Ruvuma. Wanyama wakafa, lakini wasindikizaji walikuwa wamewapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hivyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama wameuawa na mbung'o au na mateso. Miaka hamsini baadaye, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, farasi na baghala wa majeshi walikufa kwa maelfu Afrika Mashariki, na vita hivyo vilifika hadi Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917.

Kwa hiyo swali la mashine huku kwetu linaanzia kwa mdudu. Anayeleta farasi pwani ya Mtwara bila mpango wa mbung'o na visubi (vijidudu vidogo vinavyouma) anamleta kufa, hata awe na kamera kumi. Soma maswali ya 9 hadi 11 kabla ya kununua chochote.

3. Mimi nina punda tu. Majibu haya yananihusu?

Yanakuhusu, pengine kuliko mtu mwingine yeyote. Karibu kila kifaa cha farasi kinaweza kumfaa punda, ila kiwango cha kumpigia kelele mwenye mnyama kipangwe upya. Joto na mapigo ya moyo ya punda si sawasawa na ya farasi (tazama swali la 21). Tena punda anaficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo anagaagaa na kujipiga teke. Punda mwenye tatizo lilelile husimama kimya, kichwa chini, akaacha kula, na mtu anayepita anasema “amechoka tu”. Mashine inayosubiri kuona fujo ndipo ilie haitamwokoa punda. Inayopima chakula alichobakiza inaweza.

## Chakula, maji na banda

4. Sanduku la chakula linalojifungua lenyewe lina faida gani?

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, kati ya lita 8 na 15, na linatoa asidi muda wote, ale asile. Kwa asili yake anakula kidogo kidogo mchana na usiku. Sisi tunampa asubuhi na jioni kwa sababu ndivyo ratiba zetu zilivyo, naye anapata vidonda vya tumbo. Mtambo unaogawa nyasi kavu mara nyingi kwa siku unamrudisha karibu na maisha yake. Na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, kumpa nafaka nyingi kwa mkupuo ni hatari. Sanduku linaloigawa sehemu ndogo ndogo linapunguza hatari hiyo.

Kwa punda mambo ni tofauti. Punda wetu wengi hawahitaji nafaka kabisa, wanahitaji nyasi nyingi zisizo na nguvu sana. Sanduku la nafaka litawanenepesha mpaka waugue.

5. Je, hali ya hewa ya pwani haitaharibu chakula ndani ya sanduku?

Itaharibu, na hapa ningeomba msomaji asimame kidogo. Hewa yetu ina unyevu na masika ni marefu. Pumba za mahindi zikikaa wiki kwenye sanduku lililofungwa zinaota ukungu. Ukungu wa aina ya Fusarium kwenye mahindi unatoa sumu inayoozesha ubongo wa farasi na punda: mnyama anakuwa kipofu, anazunguka, anabana kichwa ukutani, anakufa. Hakuna tiba. Ng'ombe anaweza kula mahindi yaleyale na kubaki mzima, kwa hiyo usipime usalama kwa kumtazama ng'ombe.

Jaza sanduku chakula cha siku mbili, lisafishe mpaka kwenye kona, na mahindi yenye vumbi la rangi ya waridi au harufu ya uvundo yatupwe. Kama huna mtu wa kulisafisha, usilinunue.

6. Na maji?

Hapa mashine bora haina hata umeme: ni floti, ileile ya tanki la choo, inayofunga maji birika likijaa. Farasi mkubwa anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na joto likipanda anazidi hapo. Ukiongeza mita ndogo kwenye bomba unapata habari ya thamani, kwa sababu mnyama anayeanza kuumwa hupunguza maji kabla hujaona dalili nyingine.

Kwa watu wa uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na jirani zake, ambako maji yamekuwa shida ya vizazi, mita hiyo inalinda mfuko pia. Koki inayovuja usiku utaijua asubuhi, si mwisho wa mwezi.

7. Kuna roboti za kufagia zizi. Tuzitumie?

Zipo kwa mabanda ya ng'ombe yenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Kwa zizi la udongo na maranda, koleo na toroli vinatosha. Pia anayezoa samadi kwa mkono huona kama ni ngumu kuliko jana, kama ina minyoo, kama ni kidogo. Kazi hiyo ningeiacha kwa mtu.

## Afya na mwendo

8. Simu inaweza kumtambua farasi anayechechemea?

Inaweza, na hii ni moja ya kazi ambazo akili unde inafanya vizuri. Programu ya Sleip kutoka Uswidi inachukua video ya farasi akikimbia kwa mwendo wa troti, inafuata jinsi kichwa na nyonga vinavyopanda na kushuka, kisha inaonyesha mguu unaoepwa. Njia nyingine ni vihisi vidogo vinavyobandikwa kichwani, kwenye nyonga na mguuni. Jicho la mtu hushindwa kuona tofauti ndogo sana, kihisi hakishindwi.

Masharti ni mawili. Ardhi iwe ngumu na tambarare, kwa hiyo usirekodi kwenye mchanga wa ufukweni. Na programu hizi zimejengwa kwa mwendo wa farasi. Jibu lake kwa punda lichukue kama fununu. Ikishakuonyesha mguu, anza kwa kuinua kwato. Mara nyingi utakuta jiwe, mwiba au kwato iliyorefuka, mambo ambayo fundi mwenye kisu kikali anamaliza bila roboti.

## Mbung'o na visubi

9. Ni magonjwa gani mashine zinapaswa kutusaidia kwanza?

Mawili. La kwanza ni nagana, inayoletwa na mbung'o. Farasi huathirika vibaya, punda anastahimili zaidi kidogo lakini naye hukonda na kufa. Liwale na sehemu za Kilwa zinapakana na pori kubwa la Nyerere na Selous, na mbung'o haheshimu mpaka. La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi. Katika umbo lake kali unaua mpaka farasi 95 katika kila 100 wanaoupata. Punda na pundamilia mara nyingi hupita salama, na pundamilia hubeba virusi bila kuonyesha dalili. Chanjo ipo na inatengenezwa Afrika Kusini. Zungumza na daktari wa mifugo miezi kadhaa kabla ya mvua.

Tahadhari moja: dawa za nagana za ng'ombe zinaweza kumdhuru farasi au punda kwa kipimo kisicho chake. Usidunge kwa kukisia.

10. Feni na saa ya kuwashia kweli zinaweza kuokoa farasi?

Zinaweza. Kisubi ana urefu wa milimita 1 hadi 3 na ni mrukaji dhaifu. Hutoka zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na upepo wa feni unamshinda. Basi mfumo wa otomatiki wenye maana kubwa kuliko yote kwa farasi wa pwani ni huu: mnyama aingizwe bandani kabla ya magharibi, madirisha yawe na wavu wenye matundu madogo uliotiwa dawa (chandarua cha kawaida kisubi anakipenya), na feni iwashwe na saa yenyewe mpaka jua lichomoze. Feni ya wati 50 ikizunguka saa 12 inakula uniti 0.6 za umeme. Hata bei ya uniti ikipanda, gharama hiyo hailingani na farasi aliyekufa.

Nunua feni yenye mota iliyofungwa. Ya mezani ikijaa vumbi la nyasi inashika moto, na banda la nyasi halitoi muda wa kuokoa mtu wala mnyama.

11. Mbung'o je? Droni zinaweza kuwamaliza?

Tayari Tanzania ina mfano wake. Kisiwani Unguja, katika miaka ya 1990, mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kutasishwa kwa mionzi walirushwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja, na huzaa lava mmoja mmoja kila siku tisa au kumi. Akipandwa na dume tasa, uzao wake umekwisha. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o. Kilichofanywa kwa ndege wakati ule, droni zinaweza kukifanya kwa usahihi zaidi, na majaribio ya namna hiyo yamefanyika katika nchi nyingine za Afrika.

Lakini Unguja ni kisiwa. Lindi imeungana na pori, na ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kuna pori la Niassa. Ukisafisha kata moja, mbung'o wa kata ya pili wanahamia. Kwa hiyo kwa sasa tegemea vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye dawa, vinavyowavuta mbung'o kwa rangi. Kijana mwenye simu anaweza kuweka alama ya kila kitambaa kwenye ramani na kurekodi siku kilipotiwa dawa mara ya mwisho. Vitambaa vingi hushindwa kwa sababu vimesahaulika porini, na ramani hiyo inatibu usahaulifu huo.

## Uzalishaji

12. Kamera inaweza kuniambia farasi jike yuko kwenye joto (yuko tayari kupandwa)?

Kwa sehemu. Mzunguko wake ni kama siku 21, na joto huchukua siku tano hadi saba. Tatizo ni kwamba majike wengi hawaonyeshi kitu wakiwa peke yao. Dume akipitishwa ng'ambo ya uzio ndipo jike huinua mkia, hukojoa kidogo kidogo na kufungua uke. Kamera inaweza kurekodi hayo, lakini dume lazima awepo. Kwa kujua siku ya yai kushuka, hakuna kinachoshinda mashine ya mawimbi ya sauti (ultrasaundi) mkononi mwa daktari.

Jambo moja linawaokolea watu wa kusini gharama. Ulaya, mabanda yana taa zinazowashwa zenyewe ili jike apate mwanga wa saa 16 na aanze joto mapema mwakani. Huku kwetu, karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, siku ndefu na fupi zinatofautiana saa moja na kidogo tu. Atakayekuuzia mfumo huo wa taa anakuuzia dawa ya ugonjwa usio nao.

13. Uhimilishaji wa farasi (kumpa jike mbegu bila kupandwa na dume) unaweza kufanyika hapa?

Kitaalamu ndiyo, kwa vitendo ni kazi ngumu. Mbegu iliyogandishwa hukaa kwenye naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na inatakiwa iingizwe saa chache tu karibu na yai kushuka. Hilo linadai vipimo vya mara kwa mara, pengine usiku. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, kinajulikana kwa mbegu za ng'ombe, si za farasi. Mbegu iliyopozwa tu hudumu kama siku mbili, na safari ya kutoka kaskazini hadi Mtwara inaweza kuzila zote.

Kwa punda jike mbegu iliyogandishwa hushika mimba kwa shida zaidi. Dume mzuri wa kijijini, mwenye afya na asiye ndugu, bado ndiye chaguo la busara.

14. Kengele ya kuzaa ni nini, na kwa nini inasifiwa hivi?

Kwa sababu farasi jike hubeba mimba siku 340 hivi, kisha akazaa usiku watu wamelala. Akishavunja chupa, mtoto anatakiwa awe nje ndani ya dakika 20 hadi 30. Mguu ukipinda ndani, una dakika hizo tu za kusaidia.

Kengele ziko za aina mbili. Moja hufungwa kwenye hatamu na kulia mnyama anapolala ubavu kabisa kwa muda. Inaweza kukuamsha bure, maana farasi pia husinzia amelala. Nyingine ni sumaku mbili ndogo ambazo daktari anazishona kwenye midomo ya uke, moja kila upande. Miguu ya mtoto inapotokeza, midomo inaachana, sumaku zinatengana, na kifaa kinapiga simu. Hii haisumbui kwa uongo mwingi, lakini ikiwa uke haukufunguka kwa sababu mtoto amekaa vibaya, haitalia. Ndiyo maana wanaoweza hutumia zote mbili pamoja na kamera.

Ukiona mfuko mwekundu kama velveti unatangulia badala ya ule mweupe, usisubiri mtu. Kondo limeachia kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Pasua mfuko, mvute mtoto taratibu kufuata msukumo wa mama, halafu ndipo upige simu.

15. Baada ya kuzaa, mashine inafuatilia nini?

Saa. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya mbili, na kondo la nyuma litoke ndani ya tatu. Kamera yenye saa inakupa ushahidi badala ya kukisia. Kunyonya maziwa ya kwanza ndiko muhimu zaidi, maana kinga iliyomo hupita kwenye utumbo wa mtoto siku ya kwanza tu, na nguvu yake ni kubwa zaidi saa za mwanzo.

16. Kwa kuwa kuna teknolojia, tunaweza kuzalisha punda haraka kwa biashara ya ngozi?

Hapana. Punda hubeba mimba kama miezi 12 na huzaa mtoto mmoja; hakuna mashine inayofupisha hapo. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukaamua kuizuia biashara ya ngozi zao bara zima Februari 2024. Ninaliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Mama anayechota maji kwa punda akiporwa mnyama wake, mzigo unarudi kichwani kwake.

## Gharama, umeme na watu

17. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, mnyama atakuwaje?

Kila mtambo ujibu swali hili kabla haujafungwa. Mlango wa otomatiki uweze kufunguliwa kwa mkono. Maji yatiririke kwa mteremko. Sanduku la chakula likifa, libaki limefungwa, kwa sababu kukosa mlo mmoja ni nafuu kuliko kula gunia zima. Kengele itume ujumbe wa kawaida wa simu pale intaneti inapokosekana.

Chumvi ya bahari inakula shaba na viunganishi, hivyo paka grisi na uvikague kila mwezi. Vipuri navyo viwe vya kupatikana mjini Mtwara au Lindi. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga. Nachingwea pia inakumbuka mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951: mitambo ililetwa kabla ya kuijua ardhi, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa miaka ya 1960.

18. Mashine zitawanyang'anya kazi watunza wanyama?

Kwa mabanda madogo ya huku, zinampunguzia mtu mkesha. Zipo pia kazi ambazo ilikuwa heri mashine izichukue: kwenye mbio za ngamia za Qatar na Falme za Kiarabu, kuanzia miaka ya 2004 na 2005, roboti ndogo zilichukua nafasi ya watoto waliokuwa wakipandishwa migongoni. Ninachokipinga ni tajiri kufunga kamera kisha kumwachisha mlinzi wa usiku. Simu ikilia saa nane, nani ataingia bandani?

19. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakuhusu wewe mwenye mnyama. Mtambo ukishindwa, wajibu unabaki kwako. Droni inahitaji kibali kinachopitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na kamera ya banda humwona pia mfanyakazi wako, kwa hiyo kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwambie ipo, na usiielekeze anapolala.

## Maswali ya pembeni

20. Nina kuku na farasi. Naweza kutumia mtambo mmoja wa chakula?

Usithubutu. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe vina dawa iitwayo monensini. Kwa kuku ni kinga, kwa farasi ni sumu inayoharibu misuli ya moyo kwa kiasi kidogo sana, na punda vilevile yumo hatarini. Mabaki yaliyonasa kwenye mrija yanatosha kuleta msiba. Tenga sanduku, ndoo, hata koleo.

21. Kifaa kinasema mnyama ni mzima, lakini mimi naona hayuko sawa. Nifanye nini?

Mpime kwa mkono. Weka vidole viwili chini ya mfupa wa taya, tafuta mshipa, hesabu sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili. Farasi mzima aliyepumzika ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, punda 36 hadi 52. Joto la farasi ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, la punda mara nyingi liko chini kidogo ya hapo. Tazama fizi: ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Weka sikio ubavuni, pande zote mbili. Tumbo lililo kimya kabisa ni dalili mbaya.

Mapigo yakizidi 60 akiwa amesimama tu, au punda akikataa chakula siku nzima, mpigie daktari wa mifugo wa halmashauri bila kusubiri kifaa kikubaliane nawe. Mpe namba hizo, mwambie saa aliyokula mara ya mwisho na kama amekunya, na usimpe mnyama dawa ya maumivu kabla hajafika.